Alama ya Kumi na Mbili

Kila siku baada ya shule, Hildegarda alivua sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya baba yake kando ya barabara kuu pale Mikumi. Baba yake, Optatus, alikuwa fundi wa bodi za magari. Miaka mingi ya kelele za grenda ya kukatia bati ilikuwa imemharibia masikio, kwa hiyo kazi ya kusikiliza alimwachia binti yake wa darasa la sita.

Gari likishatolewa viti na kapeti, Hildegarda aligonga sakafu yake kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia. Bati lililoliwa na kutu hutoa sauti butu, na hapo alichora duara kwa chaki. Baba alikata kila palipochorwa, akachomelea bati jipya, na Hildegarda akamalizia kwa rangi ya kuzuia kutu.

Jumanne waliletewa Pijo ya zamani ya Mzee Lupakisyo. Mafuriko ya Kilosa yaliwahi kuifunika hadi vitasa, na tope lilikaa chini ya kapeti likila bati taratibu. Mzee aliitaka Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi angempeleka mama yake kwenye harusi ya mjukuu huko Kilosa.

Hildegarda alichora maduara kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa nyuma, karibu na mlango. Alilichora, akalitazama, akalifuta. Alhamisi timu yao ya netiboli ilikuwa inakwenda Kidodi, na baba hakuruhusu mtu kuondoka kazi haijaisha. Duara moja zaidi lingemnyima safari. Basi siku ya kupaka rangi alipaziba kwa puti, ule ujiuji wa kusawazishia bodi, akapaka rangi juu yake. Palipendeza kuliko sehemu nyingine zote, ndivyo uongo ulivyo.

Huko Kidodi timu yao ilishinda, lakini yeye hakufurahi sana.

Ijumaa Mzee Lupakisyo alikuja na mama yake, Bibi Raheli, aliyetembelea mkongojo. Hildegarda aliwaamkia. Bibi akaitikia marahaba, akasema anataka kujaribu kiti cha nyuma. Akafungua mlango, akainua mguu.

"Bibi, usikanyage hapo," Hildegarda alisema.

Wote wakamgeukia. Aliona aibu, lakini alieleza yote: duara, puti na Kidodi. Baba hakumpiga wala hakumfokea. Alimpa bisibisi, akamwonyesha mahali penyewe. Hildegarda alisukuma kidogo tu, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, kipande cha puti kikaanguka, wakaona mchanga wa chini.

Mzee Lupakisyo alikasirika, akasema hataleta tena hapo hata baiskeli. Baba hakujitetea. Aliomba radhi, akaahidi gari litakuwa tayari kesho kabla ya saa tatu asubuhi, kisha akachukua ile nyundo ndogo kutoka mkono wa pili wa binti yake. Hilo ndilo lililomliza Hildegarda.

Mchana huo alikwangua kutu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Baba alikata na kuchomelea. Asubuhi rangi ilikuwa imekauka. Mzee Lupakisyo alichukua nyundo mwenyewe, akagonga sakafu yote, na kila mahali pakalia. Hakusema asante, ila alimshika mama yake mkono akampandisha garini. Bibi Raheli alikanyaga palepale, akakaa.

"Binti alisema kabla sijakanyaga," alimwambia mwanawe. "Twende, tutachelewa."

Pijo ilipoondoka, baba alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Rangi haiponyi kutu, mwanangu, huificha tu mpaka mtu aumie," alisema. "Mimi sisikii. Nikikata bati, nakata kwa kufuata neno lako. Ukinidanganya wewe, karakana hii haina fundi."

"Nimekosa, baba. Sitarudia."

Baba akamnyooshea nyundo. Nje kulikuwa na gari jingine likisubiri. Hildegarda aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kutafuta chaki.