Mringaringa wa Bibi Theopista

Primus ndiye aliyepiga kelele kwanza. Alikuwa amelala kwa mama yake, Bibi Theopista, kijijini Kilema, na alfajiri ya Jumatano akatoka nje akaukuta mringaringa umechunwa gome. Panga lilikuwa limezungushwa shinani pande zote, mti mweupe ukabaki wazi. Mti wa namna hiyo hauponi tena; hukauka umesimama. Na huu haukuwa mti wa kuni, jamani. Baba yake Primus aliupanda kwa mkono wake, na alizikwa chini yake, pale pale kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Bibi Theopista hakulia. Aliagiza chungu. Jumamosi saa kumi jioni angekivunja mbele ya ukoo na kumwapiza aliyefanya. Padri hakuambiwa. Chungu kikishavunjwa, laana humfuata mkosaji na watoto wake mpaka nyumba iishe, na hakuna aliyewahi kulichukulia jambo hilo kama mchezo.

Salvina, mwenyekiti wa kitongoji, aliomba apewe nafasi ya kuchunguza hadi saa hiyo. Aliogopa, wala hakuficha. Watu walikuwa wameshamtaja mtu wao: Melkior, jirani wa ng'ambo ya mti. Si ndiye aliyetangaza kwenye pombe ya mbege kwamba mringaringa unamkatia picha ya televisheni? Mdomo huponza kichwa.

Salvina alimkuta Melkior sebuleni, televisheni ikionyesha mpira bila kukwama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kutazama. Picha haikatiki?"

"Ilikuwa inakatika, nikausingizia mringaringa. Fundi alipokuja akanicheka. Dishi zetu hizi zinatazama machweo, na ule mti uko mawio, nyuma ya dishi. Kilichoziba ni mparachichi wangu mwenyewe."

Alimtoa nje akamwonyesha kisiki chake. Kilikuwa kimeshaanza kuchipua.

"Mbona hukuwaambia watu?"

"Niseme nilitukana mti wa marehemu bure? Niliona aibu, mwenyekiti. Sasa wajukuu zangu hawasalimiwi njiani."

Salvina alivuka mfereji akiwaza. Nyumba ambayo mti uko machweo kwake ni moja tu, ya Bibi Theopista, naye hana televisheni. Alizunguka ukuta wa upande huo. Palikuwa na matundu manne mapya, na vumbi la saruji juu ya majani ya magimbi.

"Bibi, hapa palifungwa nini?" aliuliza dirishani.

"Primus alileta dishi. Tangu nivunjike nyonga sifiki kanisani, akataka nitazame misa kwenye televisheni. Fundi akasema mti unaziba, ukatwe. Nikamwambia Primus, ondoa dude lako, baba yako hakatwi."

Salvina alikwenda kaburini. Chini ya kijiwe palikuwa na jani la isale limefungwa fundo, limenyauka kidogo tu. Isale ni la kuombea msamaha. Ukimpelekea uliyemkosea, hana ruhusa ya kukukataa. Jirani mwenye chuki angekata akaenda zake. Huyu alimwomba radhi marehemu kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi ukoo ulikusanyika uani. Melkior alisimama peke yake. Primus, mwenye duka lake Moshi mjini, alikuwa nyuma ya kiti cha mama yake, na jasho linamtoka katika baridi ile. Bibi Theopista aliinua chungu.

"Bibi, ngoja," alisema Salvina.

"Nimengoja vya kutosha."

"Melkior hakuukata. Mti uko nyuma ya dishi yake, haumzibii kitu. Unaiziba nyumba hii tu." Akatoa lile jani. "Na hili nililikuta kaburini. Primus, nani humpelekea isale baba wa mwenzake?"

"Labda watoto walikuwa wanacheza."

"Isale halichezewi, na wewe unajua. Chungu hicho kikianguka, kinawaangukia wanao. Ninyamaze, au utasema?"

Bibi alikuwa bado ameinua chungu. Primus alipiga magoti.

"Ni mimi, mama. Nilikuona siku nzima unatazama ukuta, nikaumia. Nikasema mti ukijifia wenyewe, utakubali ukatwe."

"Na Melkior?"

"Walipomtaja, nikaacha wamtaje."

Alijikokota hadi kwenye uzio wa isale, akachuma jani bichi, akamletea mama yake kwa mikono miwili. Bibi hakulipokea.

"Anza na yule uliyemuuza."

Primus akavuka ua. Melkior alilitazama lile jani, uchungu wote ukionekana usoni mwake. Kisha akalipokea, maana isale halikataliwi. Ndipo Bibi Theopista akakiweka chungu chini, kizima, naye akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Mimi sikukuomba dishi, Primus," alisema. "Nilikuomba uje Jumapili unipeleke kanisani."

Kesho yake, kengele ya kwanza ya misa ilipolia, gari la Primus lilikuwa uani, na mlango wake wa mbele umeshafunguliwa.