Mchezaji wa Upande wa Dirishani

Taya la plasta la tatu kutoka kushoto lilikuwa limesogea.

Halikusogea sana. Lilitoka lilipopangwa, likaja kujibanza nyuma ya kilima cha boksi. Mwanamke aliyesimama mbele ya meza na glasi ya maji mkononi hakupiga kelele. Alivuta tepu, akapima. Inchi tano kamili. Wengine wakiona ajabu hukimbia. Yeye alitaka kwanza kujua kama ajabu yenyewe imefuata kanuni.

Wenzake wa mchezoni walimwita Wakili, kwa ubishi wake. Kazi yake halisi ilikuwa fundi wa meno ya bandia: kutwa nzima kwenye karakana ya daktari, akimwaga plasta, akichonga nta, akipika ile plastiki ya rangi ya ufizi. Mabaki yake ndiyo aliyotengenezea jeshi la mchezo wa vita vya mezani, sanamu za urefu wa kidole gumba, na wenzake wakaliita Jeshi la Mafizi. Walicheka mpaka walipopigwa. Kila mchezaji ana pointi elfu moja za kujengea jeshi, na kila askari ana thamani yake. Dereva, mpinzani wake mkubwa, alizimaliza zote kwa joka moja na wapanda farasi wawili, halafu kila Jumamosi akalalamika kwamba hana watu wa kulinda vituo vya ushindi. Wakili alichukua wachache wa thamani, na chungu nzima ya wale wa kutupwa: chambo, watu wa kutangulia kufa ili adui achelewe na mikuki ipate muda wa kujipanga.

Nyuso zote alizipaka kwa mfano mmoja, isipokuwa tatu. Jemadari alimpa uso wa mama yake. Pandikizi la mtu lenye rungu alilipa uso wa mjomba, aliyeishi chumba cha nyuma na kuvuma nyimbo zisizo na maneno asubuhi hadi jioni. Na chambo mmoja alipewa uso wa mdogo wake, pamoja na ile alama ya shavuni iliyomfanya aitwe Kidoti.

"Huyu si mimi?" Kidoti aliuliza siku ile rangi ilipokauka. "Mbona nimewekwa mbele kabisa? Nina pointi ngapi?"

"Sita."

"Sita! Na huyu mbwa?"

"Mbwa wa vita nane."

"Dada, mbwa ananizidi mimi?"

"Mbwa haazimi brashi zangu akajipakia nyusi."

Mama aliwasikia kutoka jikoni. "Na mimi je?"

"Wewe mia na themanini, mama. Jemadari."

"Angalau kuna mtu anayejua thamani yangu humu ndani," alisema mama, na mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi ile Dereva alitakiwa kuja saa nane mchana wafanye mazoezi. Mashindano yalikuwa wiki mbili mbele. Saa tisa akatuma ujumbe: gari limekwama, samahani. Wakili alichemka. Alikwishapanga meza ya sebuleni, akajaza hata upande wa Dereva kwa mifano ya plasta aliyotoka nayo karakanani, mataya ya wagonjwa waliokwishapata meno yao. Taya kubwa lilisimama badala ya joka, madogo badala ya farasi. Kwa kawaida, akiwa peke yake, alicheza pande zote mbili kwa uaminifu. Siku hiyo hasira ilimkatalia. Kwa nini amfikirie mtu asiyemfikiria? Akasogeza askari wake, akatazama upande wa dirishani uliokuwa hauna mtu, akasema kwa sauti, kama mchezo unavyotaka:

"Haya. Zamu yako."

Akaenda kunywa maji.

Hapo ndipo aliporudi na glasi, akalikuta taya limesogea. Alimwita Kidoti, akamkaripia kwa kugusa meza. Kidoti akaapa alikuwa bafuni, nywele zikidondosha maji. Wakili akaitazama tena ile hatua. Na hili ndilo kosa ambalo mtu asiyecheza mchezo huu asingelifanya: aliipenda. Taya lilikuwa limejificha pasipofikiwa na mishale, na bado lilitishia ubavu wake wa kulia. Dereva asingeliona hilo hata kwa miaka kumi. Wakili akavuta kiti, akafikiri, akajibu kwa mikuki minne. Akatupa dadu. Akasema tena yale maneno: zamu yako.

Mara hii hakutoka. Alikaa akitazama, na hakuna kilichosogea mpaka alipopepesa macho. Alipofumbua, taya kubwa lilikuwa katikati ya meza, na dadu, ambazo alikuwa amezishika mkononi mwake, zilikuwa zinaviringika ndani ya sinia upande wa pili. Sebule ilijaa harufu anayoijua kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, ya jino linalochimbwa, mfupa uliopata moto. Sita. Sita. Tano. Pandikizi la mtu likaanguka ubavu.

Chumba cha nyuma, mjomba aliacha kuvuma.

Walimkuta ameketi kitandani, macho wazi, mikono magotini. Alipumua. Aliposhikwa mkono alisimama; alipoachwa alikaa. Hospitali walisema kiharusi, wakampiga picha ya kichwa, wakashindwa kuonyesha kiharusi chenyewe kiko wapi, wakamrudisha nyumbani Jumatatu. Aliingia kwa miguu yake, akapita chumba chake bila kukitazama, akaenda kukaa kwenye benchi la upande wa dirishani.

Mezani, lile pandikizi halikuwepo tena mahali lilipoanguka. Lilisimama kati ya mataya, uso wa mjomba ukimwelekea Wakili.

Mtasema: si angebeba vitu vyote akavitupa? Swali zuri, na hata yeye si mjinga. Alileta boksi. Akaanza na sanamu iliyokuwa karibu na mkono wake, ile yenye kidoti shavuni, akainyanyua juu ya meza, na kutoka jikoni ukaja mshindo wa sufuria na mshindo wa pili, mzito zaidi. Alikimbia akamkuta mdogo wake sakafuni, midomo imegeuka rangi, kifua kimetulia kimya. Sanamu ilikuwa bado mkononi. Alirudi mbio, akaisimamisha palepale ilipokuwa, na jikoni Kidoti akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"Sijala tangu asubuhi," Kidoti alinong'ona, akishika kichwa. "Kizunguzungu tu. Usimwambie mama."

Hakumwambia. Badala yake alimtafuta mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi na simu isiyokoma kuita, aliyesifika kutoa majini hadi maofisini. Alizunguka nyumba nzima akinusa pembe kama fundi anayetafuta bomba linalovuja. Alipofika sebuleni alizima simu.

"Nani alimwita?"

"Hakuna aliyemwita. Niliongea na hewa."

"Ulisemaje?"

Wakili akamwambia. Mganga akalitazama benchi la dirishani, ambako mjomba alikaa akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwake, ingawa hapakuwa na mtu.

"Mwanangu, mimi nawatoa wanaoingia kwa nguvu. Huyu alipewa zamu, akacheza, na wewe ukamjibu. Amekudanganya popote?"

Wakili alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amepima kila hatua ya adui, na kila hatua ilikuwa safi.

"Lakini sikukubali!" alisema, sauti ikimvunjika. "Mchezo ni wa watu wawili wanaojuana, wamekubaliana! Hawezi kuniwekea watu wangu rehani kwa neno nililosema nikiwa na hasira. Hiyo ni haki gani?"

"Unabishana vizuri," mganga alisema taratibu, akifunga mkoba. "Ila mimi si hakimu wake. Nikimfukuza katikati ya mchezo ataondoka na kilicho chake, na mjomba wako sasa ni wake. Kama unajua kucheza, cheza." Akatoka kinyumenyume, hakuligeuzia benchi kisogo hata mara moja.

Basi, Jumamosi iliyofuata, akacheza. Alipanga mikuki mistari miwili kuzunguka jemadari, akaiburuza sanamu ya Kidoti mpaka nyuma ya mwamba, akawatanguliza chambo wengine wote kama alivyozoea, kwa sababu hakuna jeshi linaloweza kuacha kula chambo bila kuacha ubavu wake wazi. Hili liliacha. Mataya yaliwapita wale askari wasio na sura ya mtu yeyote kana kwamba hawakuwepo, bila kupoteza muda kwa hata mmoja, na ndipo alipoelewa kwamba adui hakuwa akipigania vituo wala pointi, alikuwa akitafuta nyuso, na ya kuwa yeye mwenyewe, kwa brashi yake ya nywele tatu, ndiye aliyemwonyesha zipi. Kati ya mkuki wa nne na wa tano palibaki upenyo wa upana wa kitako cha sanamu moja. Alikuwa ameupima asubuhi akasema hautoshi. Ulitosha. Dadu zikaviringika zenyewe, meno ya plasta yakasagana krr, krr, krr juu ya meza, na jikoni mama, aliyekuwa akimwita Kidoti aje kuosha vyombo, alikatika katikati ya jina, akafunga bomba la maji, akaja sebuleni akijifuta mikono, akapita pembeni ya binti yake mkubwa bila kumwona, akakaa benchini kando ya mjomba.

"Mama," Wakili aliita kwa kunong'ona. "Mama, ni mimi."

Mama aliitazama meza, ambako jemadari sasa alisimama kati ya mataya.

Sasa ilikuwa zamu ya Wakili, na kwenye jeshi lake lote uso ulikuwa umebaki mmoja, wa pointi sita, bei aliyoiweka yeye mwenyewe akicheka. Aliichukua sanamu kwa vidole viwili bila kuinyanyua, akaiburuza inchi moja mbele, akapima. Taya lingefika. Akaiburuza kushoto, akapima. Pandikizi lingefika. Nyuma, jemadari. Kila upande tepu ilimpa jibu lile lile, na jasho likamtiririka mpaka kwenye kope, na ndipo alipokumbuka kanuni ambayo Dereva humkera nayo anapokawia kuamua: maadamu vidole vyako viko juu ya sanamu, hujamaliza kuhama, na ambaye hajamaliza kuhama hajakabidhi zamu.

Hakuachia.

Hakuachia Jumamosi yote, wala Jumapili. Karakanani walipiga simu Jumatatu, Kidoti akawaambia dada anaumwa. Alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta uso, akamwekea beseni chini ya kiti na kugeuka ukutani ili asimwaibishe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliyezoea kufokewa kwa brashi, na sasa nyumba nzima ilikuwa mgongoni mwake.

"Nieleweshe, dada. Ukitoa mkono, mimi nitafanya nini?"

"Utakaa pale." Wakili alionyesha benchi kwa kidevu. "Na wao."

"Mama na mjomba wanakaa pale kwa sababu wana wasiwasi na wewe!" Kidoti alijaribu kucheka, kikamtoka kilio. "Mama hazungumzi, hali vizuri, anakutazama tu. Unaona unavyomfanya?"

"Hanitazami mimi."

"Haya, dada. Haya."

"Niahidi hutanigusa mkono. Hata nikilala. Niahidi, Kidoti."

"Naahidi. Ila na wewe ulale kidogo."

Alilala kwa vipande, dakika moja moja, akishtuka kila harufu ile ilipopanda, kila meno yaliposaga taratibu, si kwa haraka, maana mwenye meno hayo hakuwa na haraka yoyote, na kila aliposhtuka alikuta vidole vyake bado vipo, vimekufa ganzi, kucha zimegeuka buluu, na ng'ambo ya meza watu wawili, aliyemzaa na aliyemlea, wakisubiri kwa adabu ya watu walio kwenye foleni.

Jumanne, saa kumi alasiri, jua likiwa limejaa sebuleni, kichwa chake kiliangukia begani na hakikuinuka.

Kidoti alisimama mlangoni na taulo lenye maji ya uvuguvugu. Aliutazama mkono wa dada yake uliovimba, ule mkono uliokuwa unatengeneza meno ya watu wasiojulikana yakakaa vizuri kuliko ya kuzaliwa. Alijua ameahidi. Lakini nani angetazama mkono ule ukioza juu ya meza kwa ajili ya ahadi iliyotolewa kwa mgonjwa? Akapiga magoti. Akaukanda kwa taulo mpaka ngozi ikalainika, akakifungua kidole cha shahada, taratibu, akakibusu. Kisha akashika kidole gumba.

Wakili alifumbua macho. Alitaka kusema usifanye, ila ulimi ulikuwa mkavu, na uso wa mdogo wake ulikuwa karibu mno, umejaa huruma.

"Pumzika, dada," alisema Kidoti. "Nimekushika mimi."

Kidole gumba kikafunguka.

Upande wa dirishani, mama na mjomba walisogeleana kwenye benchi, wakaacha nafasi ya mtu mwembamba.