Mizinga Mibichi

Jumamosi nyumbani kwetu ilikuwa siku ya miguu kuuma. Zamani, kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa, baba alikuwa akimaliza uji, akitoka mlangoni hivi, amefika kwenye mizinga yake ya nyuki. Tulipohamishwa, msitu ukabaki kulekule na sisi tukaja huku. Mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Mimi Pelagia, mwenye miaka kumi na miwili, nilibeba kibuyu cha maji na kunung'unika njia nzima, na baba yangu, Masolwa, akajifanya hasikii.

Kila safari tuliona miti mipya iliyobanduliwa. Mzinga wa gome ndio tuliorithi kwa babu zetu: unabandua gome la myombo kuzunguka shina, unalikunja, unalishona kwa vijiti, kisha unautundika mtini. Mti uliobanduliwa hukauka ukiwa umesimama. Mwaka uliotangulia serikali ilipiga marufuku kubandua, na tangazo la faini likabandikwa kwenye mlango wa ghala. Watu walilisoma, kisha wakaenda kubandua mbali zaidi, ambako Bwana Misitu hafiki. Atafikaje, naye yuko peke yake kwa vijiji kumi na baiskeli yake haina breki?

Ndipo akaja Bwana Nyuki, jina lake Elieza, kijana mpole, sauti imemkauka kwa mikutano. Alisema kukataza peke yake hakutoshi, watu nao wapewe moyo. Atakayeleta mzinga wa gome atapewa wa mbao, bure, kazi ya fundi Mfaume wa Ipuli. Lo! Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia.

"Nikipata mitano," baba aliniambia, "nitaiweka juu ya vichanja hapa hapa kando ya shamba. Miguu yangu imekwisha, mwanangu."

Alikuwa na mizinga mitano ya zamani. Tuliishusha yote, lakini mitatu ilivunjikavunjika njiani, maana gome la miaka minane halibebeki. Tukapewa miwili tu ya mbao. Jirani yetu Bundala, ambaye kijiji kizima kilijua ana minne, alipeleka kumi na akapewa kumi.

"Kumi ameitoa wapi?" niliuliza.

Baba aliuweka uji wake chini. "Kesho utabeba shoka dogo," akasema.

Tulikwenda kwenye myombo mkubwa wa kijitoni, ule tuliozoea kupumzika chini yake. Ukichanua, nyuki walivuma humo mpaka mtu hasikii mwenzake. Ilikuwa masika, gome linatoka kwa urahisi. Baba alipanda akakata, mimi nikagonga kwa kisigino cha shoka, na utomvu ukanichuruzika hadi kwenye viwiko. Mti mmoja ulitupatia mizinga mitatu. Tulipoondoka, shina lilikuwa jeupe, na mimi sikutaka kugeuka nyuma.

Siku iliyofuata ya kubadilisha tulipanga foleni mbele ya ghala. Elieza alitia mkono ndani ya mzinga wetu wa kwanza. Ulipotoka, ulikuwa umelowa. Akaunusa.

"Mzee Masolwa, mzinga huu ni wa mwaka gani?"

"Wa zamani," baba akajibu, akitazama chini.

Elieza akanigeukia. "Eti, binti?"

Nikisema kweli, baba anakosa vichanja vyake na kuaibika mbele ya watu. Nikisema uongo, ule mti mweupe utanisuta kila Jumamosi. Nilimtazama baba, naye hakunitazama.

"Ni wa juzi, Bwana Nyuki," nikasema. "Tumeubandua sisi wenyewe."

Foleni nzima ilitugeukia. Bundala akaanza kurudi nyuma polepole na mizinga yake mingine minne. Elieza aliingia ghalani, akagusa ndani ya mizinga iliyokwisha kupokewa, mmoja baada ya mwingine. Thelathini na saba ilikuwa mibichi. Akaketi juu ya mmojawapo na kushika kichwa.

"Miti yote hii," akasema, "imebanduliwa kwa sababu ya zawadi yangu."

Baba ndiye aliyemjibu, kwa uchovu, bila hasira. "Mwaka jana mlitukataza, tukajificha. Mwaka huu mmetupa zawadi, tukaikimbilia. Wewe hukuuliza mzinga umetoka wapi. Na mimi nilijua ni kosa, nikabandua. Binti yangu amesema kweli."

Mkutano ulikaa hadi jua likaelekea kuzama. Tukakubaliana kwamba mzinga utakaobadilishwa lazima uwe na nta nyeusi ndani, alama kwamba nyuki wamekaa humo miaka, na mzinga mbichi, mwenye nao akautundike msituni. Waliopewa ya mbao kwa mizinga mibichi wairudishe ghalani. Msitu ukagawanywa, kila mfugaji na sehemu yake: miti ikiwa salama hadi mwaka uishe, atapewa mzinga wa mbao, ikibanduliwa, faini. Bundala alilalamika sana, lakini alirudisha.

Sisi tulibeba mizinga yetu mitatu, saa tatu zile zile, tukaitundika karibu na kijito. Msimu wa maua ulipofika, myombo wetu haukutoa hata jani. Baba aliketi pale pale tulipozoea, ila kivuli hakikuwapo, na jua likatupiga utosini.

"Pole kwa miguu, baba," nikasema. "Ningedanganya, vichanja vyako vingekuwa vimejaa sasa."

"Miguu itapona nikilala," akasema. "Sikiliza, Pelagia. Sheria ni nzuri na zawadi ni nzuri, lakini zote mbili zinakaa ofisini. Huku msituni tulikuwa wawili tu, mimi na wewe, na mimi ndiye niliyeamua tushike shoka."

Akanipa kibuyu ninywe kwanza, kisha tukainuka kwenda upande wa pili, kukagua miti ya sehemu yetu.