Kiti cha Nahodha Kisichokauka

Sponji ilikuwa imeanikwa juani siku tatu, lakini fundi alipoibonyeza, maji yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto.

"Wifi, umeimwagia maji hii?" akamuuliza dada wa mumewe, aliyekuwa akishona naye.

"Mimi na maji wapi na wapi? Nimeshinda kwenye cherehani."

Fundi hakuwa na nguvu ya kubishana. Viti kumi na viwili vya boti ya mteja wao walishavivika turubai jipya, mishono miwili miwili ya uzi wa nailoni, visichanike hata vikipigwa na mawimbi miaka kumi. Kilibaki hiki kimoja, cha nahodha. Mgongo ulikuwa unamkata, macho yanamwasha. Akaitupa sponji ile, akakata mpya, akaiweka juu ya ubao.

Kufumba na kufumbua, nayo ikalowa. Chumba kikanuka nywele mbichi, na mchana kweupe, mbele ya macho yao, sponji ikabonyea taratibu katikati, ikabonyea na pembeni, kama mtu mzito anayejiweka sawa baada ya safari ndefu, na pumzi ikashushwa karibu kabisa na sikio la fundi, pumzi ndefu isiyokwisha, hata wifi yake akaziba mdomo kwa mikono miwili asipige kelele.

Wakamwita mganga wa mtaa wa pili. Mzee akanusa mara moja tu. "Ni jini," akasema. Akafukiza, akasoma, akaamuru, "Toka!"

"Niende wapi?" sauti ikajibu kutoka kitini, imechoka. "Tangu mkivue kiti changu kitambaa nimesimama, ndiyo kwanza nakaa."

"Popote, si hapa!"

Wakavutana hadi alasiri. Fundi, ambaye tangu alfajiri hajaweka makalio chini, uvumilivu ukamwisha.

"Jamani, kaa unapotaka, mradi uniachie kiti nimalize kazi!"

Mganga akageuka, uso umempauka. "Mama, umesema nini?" Hakungoja jibu. Akakusanya vitu vyake, akatoka bila kuaga.

Hapo hapo sponji ikakauka kau. Fundi akaivika turubai, akapiga pini za mwisho. Mwenye boti akaja kuchukua viti vyake huku akisifia kazi. Ndipo fundi akaketi kizingitini, akanyoosha miguu.

Alipotaka kuinuka, mapaja yalikuwa mazito, gauni limelowa.

"Wifi, nipe mkono."

Wifi akaja mbio, akasita hatua mbili kutoka kwake, akanong'ona:

"Wifi... umempakata nani?"