Kusoma kwa Midomo Iliyofungwa

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwaka 1969, Bi Ummukulthum alirudi kutoka sokoni Tottenham, London, na vikapu viwili. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Alipoweka vikapu chini ili atafute ufunguo, alimwona mwanamke amesimama nyuma yake kwenye ngazi. Alikuwa Mhindi wa makamo. Alivaa koti kubwa la kiume, naye alikuwa akihema.

"Samahani, dada," mwanamke yule alisema kwa Kiswahili. "Nimekufuata tangu sokoni. Usinidhanie mwizi."

Bi Ummukulthum alishangaa. Kilichomshangaza ni Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili cha mjini Unguja, kama chake mwenyewe.

"Umejuaje kuwa mimi nasema Kiswahili?" aliuliza.

"Ulizitukana ndizi. Ulisema, 'Ndizi hizi zimechoka kuliko mimi.' Nikasema, huyu ni wa kwetu. Nikakuandama."

Bi Ummukulthum alicheka. Mtu hawezi kumwacha nje mgeni kama huyo. Alifungua mlango, akamkaribisha.

Ndani, mumewe Mbarouk alikuwa amekaa karibu na hita. Mbarouk alifanya kazi stesheni ya treni, na siku ile alikuwa na mapumziko. Mgeni alipewa chai ya iliki. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akajieleza.

Jina lake lilikuwa Gulbanu. Alizaliwa Kiponda, mjini Unguja. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alijifunza kushona kabla ya kujua kusuka nywele zake. Alifiwa na mume. Mwaka uliopita alikuja London kuishi na kaka yake, mitaa miwili kutoka hapo. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakifika London miaka ile. Wengine walitoka Nairobi, wengine Dar es Salaam, wengine Unguja. Kila mmoja alitafuta mahali pa kuanzia upya.

"Mimi nafanya kazi ya udobi hospitalini," alisema. "Nasimama kwenye mashine ya pasi toka asubuhi. Mvuke unanipiga kifuani. Usiku siwezi kulala kwa kikohozi. Daktari amenambia niondoke kwenye mvuke ule."

"Utakwenda wapi sasa?" Mbarouk aliuliza.

"Hospitali hiyo hiyo ina chumba cha kushonea. Wanatengeneza mashuka na kanzu za madaktari. Kuna kiti kimoja kitupu karibu na dirisha. Kazi ile naiweza hata nikiwa nimesinzia. Lakini msimamizi, Bi Harper, anataka mtu anayejua kusoma karatasi za kazi."

"Na wewe hujui kusoma?"

"Najua," alisema Bi Gulbanu. "Hapo ndipo nisipojielewa."

Bi Ummukulthum alichukua gazeti la Kiingereza lililokuwa mezani. Unguja alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka tisa. London alikuwa karani, lakini ualimu haukumtoka. Alimwonyesha mgeni habari moja fupi. "Hebu nisomee hii."

Bi Gulbanu alijiweka sawa. Akasoma. Alisoma bila kukwama hata mara moja, kwa sauti tamu, akipumzika kwenye kila nukta.

Mbarouk aliweka kikombe chini. "Mashallah. Anasoma kama wa redioni. Mimi nina miaka mitano hapa na sisomi hivyo."

"Vizuri sana," alisema Bi Ummukulthum. "Sasa nambie, habari inasema nini?"

Bi Gulbanu alilitazama gazeti. Kisha akaisoma habari yote tena tangu mwanzo. Safari hii alisoma kwa sauti kubwa zaidi.

Bi Gulbanu alilikunja gazeti polepole.

"Hivi ndivyo nilivyofanya kule," alisema. "Bi Harper alinipa karatasi. Nikasoma. Wanawake wote wakaacha cherehani kunisikiliza. Halafu akaniuliza, 'Sasa utaanza na nini?' Nikamsomea tena. Akaniuliza, 'Umeelewa?' Nikasema, 'Yes, yes.' Akanipa kanzu mbili nitengeneze. Nilizitengeneza vizuri, dada. Lakini karatasi ilisema zikatwe ziwe vitambaa vya kufutia. Wote walicheka. Bi Harper hakucheka. Alisema nirudi baada ya wiki sita. Kama sitaweza, kiti atapewa mwingine."

"Ulijifunzaje kusoma?" Bi Ummukulthum aliuliza.

"Shule, mpaka darasa la nne. Mwalimu anasoma, sisi tunafuata, darasa zima kwa sauti moja. Ukikosea, fimbo. Kabla ya hapo nilisoma Kurani, nikahitimu. Hakuna aliyeniuliza maana."

"Sikiliza, Bi Gulbanu. Ulimi wako umekwishafanya kazi yake, na umeifanya vizuri. Kurani tunaisoma kwa sauti, na thawabu tunapata. Lakini karatasi ya kazi haikuletwa kwa ajili ya thawabu. Imeletwa ili ufanye jambo. Kwa hiyo haitaki sauti yako, inataka mikono yako."

"Nifanyeje?"

"Njoo Jumatano na Jumamosi. Lakini kwanza niahidi kitu kimoja. Ile 'yes, yes' yako ndiyo iliyokuponza. Toka leo, usipoelewa, useme hujaelewa. Kwangu, kwa kaka yako, kwa Bi Harper, hata kwa mfalme."

"Hapa wana malkia," alisema Mbarouk.

"Hata kwa malkia."

Bi Gulbanu alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata. "Naahidi," alisema.

*

Jumatano alikuja na mfuko wa uzi na sindano, maana hakuzoea kukaa bure. Bi Ummukulthum aliweka barua moja juu ya meza. Bi Gulbanu akafungua mdomo.

"Ngoja," alisema Bi Ummukulthum. "Wewe ulipokuja hapa, nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza nimejuaje kuwa unasema Kiswahili."

"Kisha?"

"Jina langu. Nimetoka wapi. Nina haja gani."

"Basi karatasi nayo ni mgeni. Imebisha hodi. Usikimbilie kuisoma. Iulize kwanza: nani amekutuma? Unamtaka nani? Una haja gani? Lini?"

Bi Gulbanu aliitazama barua. Juu aliona jina la baraza la mji. Chini aliona sahihi. Katikati aliona tarehe. Kabla hajasoma hata sentensi moja, alikwisha kujua kuwa baraza linataka kitu, na siku yenyewe ni tarehe kumi na moja.

"Sasa soma kimya," alisema mwalimu.

Hapo palikuwa na shida. Bi Gulbanu hakuweza kusoma kimya. Midomo yake ilicheza yenyewe, na sauti ikatoka. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne aliuweka mkono mdomoni, lakini sauti ikapita kati ya vidole.

"Nyuki ameingia ndani," Mbarouk alisema.

"Bwana we, tuache," alisema mkewe.

Bi Gulbanu alicheka pia. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa pini tatu. Akazishika kwa midomo, kama mafundi wanavyofanya wanapopima nguo. Fundi mwenye pini midomoni hasemi, wala hatingishi mdomo. Anatazama kitambaa tu.

Akainama juu ya barua. Safari hii sauti haikutoka. Baada ya muda alizitoa pini, akageuza barua uso chini.

"Inasema watakuja watu kutazama mabomba," alisema kwa Kiswahili. "Jumanne hiyo ya tarehe kumi na moja. Mtu awepo nyumbani."

Bi Ummukulthum alimtazama. Katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kufikiria pini. Alijua kwamba siku ile yeye pia alikuwa amefundishwa.

Tangu siku hiyo walifanya hivyo kila mara. Bi Gulbanu aliiuliza karatasi maswali yake. Alisoma na pini midomoni. Aligeuza karatasi, akaeleza kwa maneno yake. Alipoeleza kwa Kiswahili, Bi Ummukulthum alimwambia aeleze kwa Kiingereza, hata kama ni kibovu.

Wiki ya tatu walifika kwenye maneno magumu. Bi Gulbanu alikuwa akifika kwenye neno asilolijua, anasimama hapo hapo.

"Usisimame," alisema mwalimu. "Ukipata kitambaa cha maua, na pahala pamoja pameliwa na panya, hujui ua gani lilikuwa pale?"

"Najua. Natazama maua ya pembeni."

"Basi neno nalo lina jirani zake. Pita mpaka mwisho wa sentensi, kisha rudi uwaulize jirani."

"Na jirani wasipojua?"

"Basi unauliza mtu. Uliniahidi."

Bi Ummukulthum alianza kumwandikia kadi za Kiingereza. Kila kadi ilikuwa na amri, na Bi Gulbanu alitakiwa kuifuata bila kusema neno. Kadi moja ilisema afunge dirisha, kisha achukue kikombe cha buluu akiweke chini ya kiti, lakini kama kikombe kina maji, ayamwage kwanza. Kadi nyingine ilisema ampe Mbarouk kipande cha keki, isipokuwa kama amekwisha kula.

Mbarouk aliijua kadi ile inasema nini, kwa sababu alimwona mkewe akiiandika. Akakaa wima, akapangusa mdomo.

Bi Gulbanu alisoma. Alimtazama Mbarouk. Akatazama makombo kwenye shati lake. Kisha akachukua keki, akairudisha kabatini.

"Mwalimu," Mbarouk alisema, "mwanafunzi wako amehitimu. Mrudishe kwao."

Hata hivyo haikuwa rahisi. Bi Gulbanu alifanya kazi siku nzima katika mvuke, kisha akapanda ngazi zile huku akikohoa. Jumatano moja theluji ilianguka, mabasi yakasimama. Bi Ummukulthum hakumtazamia. Saa moja jioni aliusikia mlango. Bi Gulbanu alikuwa amekuja kwa miguu kutoka hospitalini, viatu vimelowa, na kadi za wiki iliyopita ziko mfukoni, zimefungwa kwa nailoni.

*

Siku ya mtihani ilifika. Bi Gulbanu aliingia chumba cha kushonea saa tatu asubuhi. Wanawake wanane walikuwa kwenye cherehani. Wengine walimkumbuka. Kiti cha dirishani bado kilikuwa kitupu.

Bi Harper alimpa karatasi. Wanawake wakaacha kazi, wakangoja sauti ile tamu.

Bi Gulbanu hakutoa sauti. Alichukua pini tatu, akaziweka midomoni. Mtu mmoja alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Bi Gulbanu aliiuliza karatasi: nani amekutuma? Chumba cha upasuaji. Una haja gani? Kanzu ishirini. Lini? Kesho saa sita. Akasoma hadi mwisho. Akarudi mwanzo. Akageuza karatasi uso chini, akatoa pini.

Alieleza kwa Kiingereza chake. Kanzu zenye tundu mgongoni zitiwe kiraka. Kanzu zenye tundu kifuani zisitiwe kiraka, zikatwe. Mikanda ibadilishwe kabla ya kushona mifuko. Alieleza huku mikono yake ikionyesha.

Bi Harper alikuwa akitingisha kichwa kwa kukubali. "Na mstari wa mwisho?" aliuliza.

Mstari wa mwisho ulihusu kanzu zenye alama ya uzi mwekundu. Bi Gulbanu alikuwa ameusoma mara mbili. Mlikuwa na neno asilolijua; aliwauliza jirani zake, na jirani nao walikuwa wagumu. Hakujua kanzu zile zifanyweje.

Bi Harper alikuwa na haraka. Alisema, "Huo umeuelewa, sivyo?" Tayari alikuwa akikitazama kiti cha dirishani.

Neno moja tu lilihitajika. Bi Gulbanu alilihisi liko kwenye ulimi, tayari, kama zamani. Alikitazama kiti. Alifikiria mvuke. Wanawake wanane walikuwa wakimtazama.

"Hapana," alisema. "Mstari huu sijauelewa."

Bi Harper alivuta kiti kingine, akakaa kando yake. Alimweleza kuwa uzi mwekundu ni alama ya wodi yenye maradhi ya kuambukiza. Kanzu hizo hazitengenezwi wala haziguswi kwa mikono mitupu. Zinarudishwa ndani ya mfuko zilimoletwa.

Mama mmoja kutoka Jamaika, aliyeshona hapo miaka miwili, alisogea karibu. "Rudia tena," alisema. "Hata mimi nilikuwa sijui vizuri. Niliona haya kuuliza."

Bi Harper akarudia, safari hii kwa wote.

Lakini sheria ya chumba ilikuwa kwamba kila mshonaji aelewe karatasi nzima. Bi Harper alimpa Bi Gulbanu nusu ya kazi. Asubuhi angekaa dirishani. Mchana angerudi kwenye mvuke, mpaka baada ya mwezi, atakapompa karatasi nyingine.

Jioni ile Bi Gulbanu aliyaeleza yote kwa Mbarouk na mkewe.

"Mwezi mzima tena wa kukohoa," alisema Mbarouk. "Bi Gulbanu, ungeitikia kwa kichwa tu. Leo kiti kizima kingekuwa chako."

"Na kesho ningeshika kanzu ya uzi mwekundu," alisema Bi Gulbanu.

Bi Ummukulthum alimmiminia chai, akatia kijiko cha asali kwa ajili ya kifua.

Mwezi ulipokwisha, Bi Gulbanu alisoma karatasi nyingine, akaielewa yote. Aliondoka kabisa kwenye mvuke. Kikohozi kilipungua, kisha kikaacha. Asubuhi ya kwanza ya kazi kamili alikaa dirishani, akaweka pini tatu midomoni, akavuta karatasi ya siku. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne alirudi nyuma, akausoma tena.

Kisha akatoa pini, akainua mkono.