Nakijwa Anasalimiwa na Jua

Kaeni vizuri, watoto. Wote mmekaa? Haya, twende kwa kina Nakijwa.

Nakijwa ana miaka sita. Anaishi Usangi, kule milimani Upare, na Mama na Bibi. Kuna na kuku tisa, lakini hao wana mambo yao.

Uani kwao kuna antena ndefu. Ukiiona, utasema ni mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa.

Ndani kuna redio. Haipigi muziki. Haisomi habari. Inalisikiliza Jua tu, kutwa nzima.

"Shhhhh..." inasema redio.

Jua likipiga kelele, mistari ya njano inatokea kwenye kompyuta. Hicho ni kituo cha Mama cha kulisikiliza Jua. Mama ni mwalimu wa sayansi.

Vituo kama hicho viko vingi. India kipo. Brazil kipo. Huku kukiwa giza, kwingine ni mchana. Kwa hiyo Jua halikosi msikilizaji.

Kila siku saa nane, Nakijwa anarudi kutoka shule. Mbio, mbio, mbio! Anakaa mbele ya kompyuta.

"Sema, Jua, sema! Nakijwa nimefika!"

Jumatatu, alipokaa tu, mistari ya njano ikajaa. "Krrrrr!"

"Mama! Jua limenisalimia!"

Jikoni nako, "Vruuu! Vruuu!" Bibi alikuwa anasaga juisi ya parachichi kwa blenda.

"Mheshimiwa, juisi tayari!" Bibi akamwita mjukuu wake.

Wewe umeshajua, eti? Nyamaza! Usimwambie.

Jumanne, saa nane. "Sema, Jua, sema! Nakijwa nimefika!"

"Krrrrr!" ikalia redio. "Vruuu!" ikalia blenda.

Nakijwa akanywa juisi yake, kichwa juu. Kusalimiwa na Jua si mchezo!

Jumatano, shuleni, akashindwa kunyamaza.

"Jua linanisalimia mimi," akamwambia rafiki yake Mbonea, wenzake wakisikia. "Saa nane kamili. Njooni Ijumaa mwone wenyewe!"

Ee, Nakijwa! Mdomo huo!

Saa nane ilipofika, mistari ikaja tena. Safari hii Mama akawaandikia wenzake wa vituo vingine kwa simu.

"Ting!" India wakajibu: "Sisi hatukusikia kitu."

"Ting!" Brazil wakajibu: "Hata sisi."

"Mwanangu," akasema Mama, "kama ni Jua, wote walio mchana wanasikia."

Nakijwa akanuna. "Basi linanipenda mimi zaidi."

Mama akageuka upande, akabana kicheko.

Alhamisi, saa nane. "Krrrrr!" "Vruuu!"

Nakijwa akatega sikio. Akaitazama redio. Akautazama mlango wa jikoni.

"Bibi, zima."

Kimya. Mistari ikapotea.

"Bibi, washa."

"Vruuu!" "Krrrrr!"

"Bibi, zima. Bibi, washa. Bibi, zima."

"We mtoto, unanichezea?" akauliza Bibi.

Nakijwa akakaa chini, machozi yakamtoka. Halikuwa Jua. Ilikuwa blenda!

"Kesho Mbonea na wenzake wanakuja," akalia. "Watanicheka!"

"Watacheka, ndiyo," akasema Bibi, akimfuta machozi kwa kanga. "Halafu watachoka kucheka."

Ijumaa ikafika. Mbonea akaja na watoto wanne. Walikuwa wamenawa na kujipaka mafuta, maana wanakwenda kusalimiwa na Jua!

Nakijwa akasimama mbele yao. Masikio yalimwaka moto.

"Jua halinisalimii," akasema. "Ilikuwa blenda ya Bibi."

Mbonea akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Jua la parachichi! Jua la parachichi!"

Wenzake nao wakacheka. Wakacheka, wakacheka... wakachoka.

"Sasa tufanyeje?" akauliza Mbonea.

"Tusubiri," akasema Nakijwa. "Labda litasema kweli."

Bibi akaponda parachichi kwa uma, pole pole, bila kelele.

Watoto wakakaa mkekani. "Sema, Jua, sema! Sote tumefika!"

"Shhhhh..." ikasema redio.

Wakasubiri. Mmoja akapiga chafya. Kuku mmoja akachungulia mlangoni, akaondoka.

Mara, "FWAAAAA!" Mistari ya njano! Mirefu! Mingi!

"Bibi, zima blenda!" akapiga kelele Mbonea.

Bibi akatokea mlangoni na uma mkononi. "Blenda ipi? Hata sijaichomeka!"

Moyo wa Nakijwa ukadunda, du, du, du. Alitaka kuruka. Alitaka kupiga kelele. Lakini hakuruka.

"Mama," akanong'ona, "waulize wengine kwanza."

Mama akaandika. Watoto wakabana pumzi.

"Ting!" India: "Tumesikia!"

"Ting!" Brazil: "Tumesikia! Kelele ilikuwa kubwa!"

"Ni Jua!" akapiga kelele Nakijwa. Sasa akaruka. Akamkumbatia Mbonea, akamkumbatia na Bibi pamoja na uma wake. "Ni Jua kweli! Limetusalimia sote!"

Usiku ulipoingia, Nakijwa akapanda kitandani. Mama akamfunika shuka.

"Mama, nani analisikiliza Jua sasa hivi?"

"Brazil. Kwao bado mchana."

Nakijwa akafikiri kidogo.

"Basi na wao wasalimiwe," akasema. Akapiga mwayo, akalala.