Masikio ya Kichavushi

Kichavushi, mashine ndogo ya kuchavusha maua, kilishuka kutoka darini mwa banda la bustani kwa miguu yake sita, kikasimama mbele ya ua la vanila. Kidole chake chembamba kama unywele kilifunua petali, kikauinua utando unaoitenga stameni na stigma, kikazikutanisha. Chavua ikanata. Iliyobaki ilikuwa kazi ya ua lenyewe: chavua iote hadi ndani ya ovari, itungishe ovuli, na ovari irefuke kuwa tunda.

"Umeweza, baba. Umeweza," Kagemulo alikiambia kichavushi.

Nyuma yake, binti yake Kemilembe aliuma mdomo. Ua la vanila huchanua asubuhi moja tu, na pale Bukoba lilichavushwa kwa mikono ya wanawake kama mama yake. Mikono hiyo sasa ilitetemeka. Ndipo Kemilembe, mhandisi, alipounda mashine yenye masikio, mama aifundishe kwa sauti.

Yeye mwenyewe hakufundishwa. Utotoni, kila aliponyoosha mkono kwenye ua, mama alimpiga kofi vidoleni: kasome. Alisoma mpaka akaunda kichavushi, na hajaambiwa "umeweza" hata mara moja.

"Mama, hicho ni chuma. Hakifurahi kusifiwa."

"Lakini kinakushinda adabu. Hakinijibu."

Jioni ile Kemilembe aliyazima masikio ya mashine. Alijiambia imeshajifunza vya kutosha, na ilikuwa kweli.

Asubuhi mama alisema, "Ngoja, baba, hilo halijafunguka vizuri." Kichavushi hakikungoja. Kilimpita, kikamwacha amenyoosha kidole hewani, kikayamaliza maua bila kuchana hata moja.

Kagemulo akajifunga kanga vizuri. "Hakinihitaji tena. Niende zangu nyumbani."

Hakukuwa na "umeweza" ya mtu yeyote.

"Nimekizima masikio, mama. Nilikionea wivu."

"Wewe? Na digrii zako zote?"

"Hujanifundisha hata ua moja."

"Nilitaka uondoke kwenye haya maua."

"Niliondoka. Nimerudi."

Nyuma ya jani palikuwa na ua ambalo kichavushi kililiruka. Mama aliushika mkono wa binti yake, akauongoza. Kemilembe alibana pumzi, akauinua utando. Ukachanika.

"Kile chuma siku ya kwanza kilifanya vizuri kuliko wewe," alisema Kagemulo.

Lakini mkono hakuuachia.